Usiku wa Filamu Tatu na Betri Moja

"Susu, nani aliwasha taa mle ndani?"

Aliyeuliza ni mjukuu wangu, kitindamimba wetu wa Gredi ya Pili (susu ni bibi kwa Kikamba), mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya ungo wa ndengu. Kwenye televisheni palikuwa na nyigu mdogo kama chembe ya wimbi, anatambaa ndani ya tunda la mkuyu. Ndani kabisa, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Na bado tulikuwa tukimwona vizuri, hadi vinyweleo vya miguu.

Mimi nimefundisha shule za msingi hadi nikastaafu, na maswali ya watoto nimeyazoea. Hilo lilinifanya ninyamaze. Nilikuwa nimetazama filamu za namna hiyo miaka mingi na sikuwahi kuuliza habari ya taa.

Ngoja niwaeleze kwanza tulikuwa wapi, maana nyinyi mnaosoma hamkuwepo.

Nyumba yangu iko nje kidogo ya mji wa Mwingi, njia ya kwenda Kyuso. Nguzo za stima zimepita ng'ambo ya barabara, sisi tunatumia sola. Paneli iko juu ya mabati, betri iko nyuma ya kabati, na pale kwenye kisanduku chake kuna vitaa vitatu: kijani, njano na chekundu. Kikiwaka chekundu, mna dakika kumi za kumaliza shughuli zenu. Ilikuwa likizo ya Aprili, mawingu yalikuwa yamekaa tangu asubuhi, kwa hiyo betri haikuwa imeshiba. Niliwaambia wajukuu: hakuna katuni, hakuna muziki. Baba yenu ameleta filamu tatu kwenye flashi kutoka Nairobi, tutatazama hizo hadi betri iseme basi. Na mikono isikae bure. Kila mtu na ungo wake, tuchague mawe na ndengu zilizoliwa na fukusi, maana Jumatatu, siku ya soko, gunia linapelekwa mjini.

Walinuna. Wao wamezoea filamu za mapigano zenye sauti ya DJ Afro, ambaye anakutafsiria ngumi hadi ngumi yenyewe inachekesha. Hizi zilikuwa makala.

Filamu ya makala ni nini? Filamu ya kuigiza inakuomba uamini kwa muda tu. Ikiisha, yule aliyekufa ananawa rangi nyekundu anaenda kwake. Makala inakuambia kitu kingine: mti huu upo, mtu huyu yupo, jambo hili lilitokea. Ndiyo maana unatakiwa kuitazama kwa ukali zaidi kuliko ile ya ngumi. Watu wengi hufanya kinyume.

Filamu ya kwanza iliitwa The Queen of Trees, yaani Malkia wa Miti. Ilitengenezwa na Mark Deeble na Victoria Stone, mtu na mkewe, ambao wamepiga filamu za wanyama nchini Kenya kwa miaka mingi, na hii ilitoka mwaka wa 2005. Malkia mwenyewe ni mkuyu.

Mkuyu sisi hatuhitaji kuonyeshwa. Uko mmoja kule chini mtoni, na mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, maji unayachimba. Wazee wa Ukambani walikuwa wakipeleka sadaka chini ya miti mikubwa kama huo. Mahali hapo paliitwa ithembo, na hakuna aliyethubutu kukata tawi. Na kila mtoto wa huku amekula kuyu. Anajua kwamba kabla ya kulitia mdomoni unalipasua na kulipuliza, kwa sababu ndani mna wadudu. Mimi nimepuliza makuyu maisha yangu yote bila kujiuliza wadudu wale waliingiaje.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye utamu.

Kuyu si tunda kama embe. Ni mfuko uliojaa maua, mamia ya maua madogo yaliyogeukia ndani. Ndiyo maana hujawahi kuona mkuyu umechanua: huchanua gizani, kimoyomoyo. Nyigu jike hufuata harufu ya kuyu changa hadi kwenye kitundu kilicho nchani. Kitundu kimebana kiasi kwamba akijipenyeza mabawa yake yanang'oka, yanabaki mlangoni. Hatatoka tena. Ndani anatembea juu ya maua akiyapaka chavua aliyobeba kutoka kuyu alimozaliwa, anataga mayai katika baadhi ya maua hayo, kisha anafia mle mle.

Mayai yanakuwa mabuu, kila buu na ua lake kama chumba cha kupanga. Wanaotoka vyumbani kwanza ni madume. Hawana mabawa. Wanawatafuta majike wakiwa bado vyumbani mwao, wanaoana nao, halafu wanaanza kutoboa ukuta wa tunda kwa meno. Wanachimba njia ambayo wao wenyewe hawataitumia kwenda popote, kwa sababu asiye na mabawa akitoka nje huanguka, na sisimizi wanamngoja hapo. Majike wanajipakia chavua, wanapita kwenye ile njia, wanaruka. Wana siku moja au mbili za kuishi, na ndani ya muda huo lazima wapate makuyu mengine machanga. Bila nyigu huyu mkuyu haupati mbegu. Bila mkuyu nyigu hana pa kuzalia. Nyigu wakishaondoka, kuyu linaiva na kuwa tamu, na hapo ndipo wanakuja wageni mnaowajua: nyani, tumbili, hondohondo, njiwa, popo, na tembo pale ambapo tembo bado wapo.

Nilikuwa natafsiri Kiingereza kadiri sauti ilivyokwenda, na mkubwa wao, wa Gredi ya Sita, akaniambia, "Susu, sasa wewe ndiwe DJ Afro." Nikamwambia achague ndengu.

Ndipo likaja lile swali la taa.

"Taa iliwashwa na mtu," nilijibu hatimaye. "Hakuna kamera inayoweza kupita kwenye kitundu kinachong'oa mabawa ya nyigu. Wanaopiga filamu za wadudu hukata upande mmoja wa kitu, wakaweka kioo kama dirisha, wakaleta taa, halafu wakangoja. Wakati mwingine hungoja wiki nzima."

"Kwa hiyo ni uongo!" alisema yule mkubwa, na nikaona amefurahi, kwa sababu watoto wa umri huo hakuna wanachopenda kama kumkamata mtu mzima na uongo.

Nikawasimamishia filamu. Betri ilikuwa bado kijani. Nikawapa kisa cha Nanook.

Mwaka wa 1922, Mmarekani mmoja, Robert Flaherty, alitoa filamu kuhusu Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada, watu wa nchi ya barafu. Filamu iliitwa Nanook of the North, na wengi huitaja kuwa ndiyo makala ndefu ya kwanza kupata umaarufu duniani. Ndani yake tunaiona familia inalala katika nyumba ya barafu. Lakini kamera za zamani zile zilikuwa kubwa na zilihitaji mwanga mwingi, na nyumba ya barafu ni ndogo na yenye giza kama kuyu. Flaherty alifanya nini? Walijenga nyumba kubwa kuliko kawaida, wakakata nusu yake. Ile familia unayoiona inalala ndani, kwa kweli imelala nje, baridi inawapiga, ukuta mmoja haupo.

"Kama kuyu," alisema kitindamimba.

Kama kuyu. Nyumba za barafu zilikuwepo, watu walilala ndani yake, na ukuta ulikatwa ili wewe uone. Hapo mimi sina ugomvi na Flaherty. Ugomvi wangu unaanza mbele kidogo. Wainuiti wa wakati ule walikuwa wanawinda kwa bunduki. Yeye akawataka wawinde kwa mikuki, kama babu zao. Tena kuna mahali Nanook, ambaye jina lake halisi lilikuwa Allakariallak, anaonyeshwa santuri. Anaichukua na kuing'ata, kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuona kitu hicho. Alikuwa anazijua santuri vizuri. Aliambiwa ang'ate, akang'ata, na watu wa miji mikubwa wakacheka ukumbini.

Na kuna kibaya kuliko hicho. Mwaka wa 1958 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu ya White Wilderness, ambayo ilipata hata tuzo ya Oscar. Ndani yake kuna vipanya vya nchi za baridi vinavyoitwa lemingi, na msimuliaji anasema vikizidi idadi hukimbilia baharini kwa wingi na kujitosa. Dunia nzima iliamini. Hata mwalimu wangu wa sayansi aliamini, akatufundisha. Miaka zaidi ya 20 baadaye waandishi wa Kanada walichunguza wakagundua kwamba vipanya vile vilinunuliwa, vikaletwa mkoa ambao si kwao, vikazungushwa kwenye meza ya duara vionekane vingi, halafu vikasukumwa majini. Lemingi hawajiui. Walisukumwa.

Kwa hiyo kuna kukata ukuta na kuna kusukuma panya. Mkubwa wetu alitaka nimwambie mpaka uko wapi hasa kati ya hayo mawili. Nilimwambia santuri ya Nanook iko karibu sana na mpaka, na kwa maoni yangu imeshauvuka.

Tulipoendelea kutazama, masikio yao yalikuwa yamebadilika. "Susu, nyigu ana mlio wa miguu?" Hana, au tuseme hana ambao sikio letu linausikia. Sauti nyingi za makala za wanyama hutiwa baadaye, katika chumba kisichoingiza kelele. Tembo amepigwa picha kutoka mbali sana kwa lenzi ndefu, na sauti ya nyayo zake hutengenezwa na mtu anayekandamiza kitu kwenye sanduku la mchanga. Hata yule msimuliaji mwenye sauti ya kubembeleza hakuwepo chini ya mti. Yeye huja mwishoni, anasoma karatasi. Kitindamimba aliinua ungo wake akautikisa polepole, ndengu zikateleza kutoka upande huu hadi ule. Ilikuwa mvua. Mvua kabisa, ile inayoanza mbali juu ya mabati ya jirani. Wote watatu wakaanza kutikisa, ndengu zikamwagika, nikapiga kelele.

Tulikula muthokoi wa mchana uliopashwa moto, televisheni ikiwa imezimwa ili kuokoa betri, na waliniuliza mimi nilitazama nini nikiwa mdogo. Niliwaambia habari za gari la sinema. Gari la serikali lilikuwa linakuja sokoni, shuka jeupe linatandazwa kati ya nguzo mbili, jenereta inanguruma, na watu wametoka vijiji vyote. Walituonyesha jinsi ya kuchimba matuta, jinsi ya kuchemsha maji, jinsi ya kujenga choo, na mwishoni kidogo cha kuchekesha ili tusilalamike. Wazungu wa enzi za ukoloni walipenda kusimulia kwamba Mwafrika akionyeshwa mbu mkubwa kwenye shuka husema, kwetu hakuna mbu wakubwa hivyo, hivyo ugonjwa huu hautuhusu. Kisa hicho kimeandikwa kwenye vitabu vingi. Mimi nimekaa kwenye viwanja hivyo chini kabisa mbele, na niliyoyasikia yalikuwa watu wanamcheka mwigizaji kwa kushika jembe vibaya. Nahisi yule aliyesema habari ya mbu alikuwa anamtania bwana mkubwa, kama vile Allakariallak na santuri yake, na bwana mkubwa akaandika.

Televisheni ilianza Kenya mwaka wa 1962, lakini huku kwetu ilikuwa kama habari za mwezini. Nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya serikali hadi KTN ilipoanza mwaka wa 1990. Mwaka wa 2015 mitambo ya analojia ikazimwa, kila mtu akatakiwa kununua king'amuzi, na televisheni nyingi za Mwingi zikageuka kuwa meza za kuwekea maua. Hayo yametosha.

Kitaa kilikuwa njano tulipowasha filamu ya pili. Ni ya zamani, ya mwaka wa 1971, The Lion at World's End, Simba wa Mwisho wa Dunia. World's End ni mtaa wa London alikoishi simba huyo kwanza, lakini anayetafsiri neno kwa neno atadhani "mwisho wa dunia" ni huku kwetu alikoletwa. Ukitoka hapa kwetu ukapita Kyuso, ukapita Tseikuru, ukaendelea kaskazini kuelekea mto Tana, unafika kwenye Hifadhi ya Mwingi, na inayopakana nayo ni Kora. Hapo ndipo simba alipoletwa. Bibi yangu alikuwa na shangazi aliyeolewa pande hizo, na hakuna siku alisema anaenda kumtembelea shangazi mwisho wa dunia.

Kisa chenyewe ni kizuri, siwezi kuwanyima. Mwaka wa 1969 vijana wawili wa Australia, John Rendall na Anthony Bourke, aliyezoeleka kwa jina la Ace, waliingia duka kubwa la Harrods mjini London wakakuta mtoto wa simba anauzwa. Ndiyo, dukani, kama jogoo. Wakamnunua, wakamwita Christian. Akawa anaishi kwenye duka la samani, anacheza mpira kwenye uwanja wa kanisa. Lakini simba hukua. Siku moja akaingia mwigizaji Bill Travers, ambaye mwaka wa 1966 aliigiza kama George Adamson katika filamu ya Born Free, ile ya simba jike Elsa aliyelelewa kisha akaachiliwa Meru. Travers akawaunganisha na George mwenyewe, na mwaka wa 1970 Christian akaletwa Kenya kwa ndege, akapelekwa Kora, kwenye Kampi ya Simba, akafundishwa kuwa simba.

Wale vijana walirudi kumwona mwaka wa 1971. Simba anatokea juu ya mawe, anawatazama, anashuka polepole, halafu anakimbia. Anainuka kwa miguu ya nyuma anawakumbatia mabegani. Kipande hicho cha dakika chache kilikuja kuenea kwenye intaneti karibu mwaka wa 2008, mamilioni ya watu wakalia mbele ya kompyuta. Mjukuu wangu wa kati, wa Gredi ya Nne, ambaye jioni nzima hakuwa amesema neno, alijifuta macho kwa pindo la leso yangu akidhani sioni.

Niliacha amalize kulia kwanza. Kisha nikawaambia kilicho nje ya kile kipande cha dakika chache. Mwaka huo huo wa 1971, katika kambi hiyo hiyo, simba mwingine wa George aitwaye Boy alimshambulia mfanyakazi wa kambi, Mwafrika kijana, akamuua. George alimpiga Boy risasi. Yule kijana hakuwa na wimbo wa kupigiwa vinanda, na mamilioni ya waliolia hawajui kwamba alikuwepo. Sisemi Christian hakuwakumbatia rafiki zake, aliwakumbatia, tumeona. Ninasema kamera ina mbele tu. Haina ubavu wala mgongo. Anayeigeuza ndiye anayeamua nani awe nyuma yake.

"Na mbuzi wa Tseikuru?" aliuliza mkubwa. Nilimpenda sana kwa swali hilo. Mtoto wa mfugaji anajua kwamba simba akiachiliwa, mtu fulani anahesabu mbuzi wake upya. George aliwapenda simba kuliko alivyowapenda watu wengi, na hakulificha hilo. Christian alionekana mara ya mwisho mwaka wa 1973. George mwenyewe aliuawa na majambazi kule Kora tarehe 20 Agosti 1989, alipokwenda kumwokoa mgeni wake aliyekuwa ameshambuliwa. Alikuwa na umri wa miaka 83. Amezikwa hapo hapo, karibu na ndugu yake Terence na karibu na Boy.

Ya tatu tuliiwasha kitaa kikiwa kimeshaanza kupepesa. Nilijua hatutaimaliza. Niliiweka mwisho makusudi, nawaachia nyinyi mniite mjanja.

Inaitwa Thank You for the Rain, Asante kwa Mvua, ya mwaka wa 2017. Ikaanza, na kwa mara ya kwanza usiku ule watoto waliacha kunigeukia wapate tafsiri. Mtu kwenye televisheni alikuwa anaongea Kikamba.

Hamjui jambo hilo linafanya nini kwenye chumba. Kikamba tunakisikia redioni, Musyi FM inalia tangu alfajiri. Lakini kwenye filamu iliyozunguka dunia, mtu anaongea kama jirani, amesimama kwenye udongo mwekundu kama wa kwetu, mahindi nyuma yake yamekauka kama ya kwetu! Kitindamimba alicheka. Si kwa dharau. Alicheka vile unavyocheka ukimwona mwalimu wako sokoni.

Mtu huyo ni Kisilu Musya, mkulima wa kaunti yetu hii ya Kitui. Kwa karibu miaka mitano alijipiga picha mwenyewe, mkewe, watoto wake na shamba lake: ukame, halafu mafuriko, halafu ukame. Dhoruba iliharibu nyumba yake. Anaongea na kamera usiku kama mtu anayeandika barua. Anakwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi majirani wapande miti, na majirani wengine hawana haraka. Filamu iliongozwa na Julia Dahr wa Norway, lakini ukisoma majina mwishoni utaona Kisilu hakuandikwa kama mtu aliyepigwa picha tu. Ameandikwa kama mwongozaji mwenza.

Mkubwa wetu alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ukingo wa ungo. "Susu," alisema, "hapa picha inatikisika." Ilitikisika kweli. Aliyeishika alikuwa anatembea kwenye shamba lake.

Tulikuwa tumefika mahali Kisilu anajiandaa kusafiri ng'ambo, ndipo kitaa chekundu kikakatika na chumba kikawa cheusi. Hakuna aliyelalamika. Walijisogeza kwenye mkeka hadi magoti yao yakanigusa, na mimi nikamalizia kwa mdomo, kama bibi yangu alivyokuwa akinimalizia mimi.

Niliwaambia kwamba mkulima huyo wa Kitui alipanda ndege hadi Paris, Desemba 2015, ambako nchi za dunia zilikuwa zimekutana kuhusu tabianchi. Niliwaeleza tabianchi ni nini kwa mfano wa blanketi: moshi wa viwanda, magari na mitambo ya makaa unaipa dunia blanketi la ziada, joto halitoki, na mvua zinapoteza ratiba. Anayevuta blanketi hilo zaidi si mtu wa Mwingi mwenye paneli moja juu ya mabati. Wakubwa wale walikubaliana kwamba joto lisiongezeke kwa nyuzi 2, na wajitahidi lisipite nyuzi 1.5. Kisilu alikuwa amekwenda kuwaeleza nyuzi hizo zinakuwaje ukiwa umesimama shambani. Walizungumza kwa lugha ya karatasi, yeye akarudi kwenye udongo wake, kwa watoto wake na miche yake.

"Na mvua ikanyesha?" aliuliza wa kati.

Kabla sijajibu nikasikia, gizani, ungo wa kitindamimba ukitikisika. Polepole, kutoka upande huu hadi ule.

Asubuhi walichukua simu yangu bila kuniomba wakateremka mtoni. Niliwaona kutoka jikoni, vichwa vitatu chini ya mkuyu, mmoja amepanda bega la mwenzake. Walichuma kuyu moja, wakalipasua kwa wembe wa kunolea penseli, upande mmoja tu, na mkubwa akamwambia wa kati ashike kipande cha kioo kurudisha mwanga wa jua ndani. Kitindamimba ndiye aliyepiga picha.

Video hiyo ninayo bado. Ina sekunde kumi na moja. Nyigu wanatoka, wawili au watatu, kisha sauti ya mtu inasema "ngoja, ngoja, ngoja", na sehemu kubwa iliyobaki ni kidole.